Wimbo Uliokatikia Mnazini

Mimi ni Tekaai, mgema. Kila asubuhi na kila alasiri napanda minazi yangu miwili iliyo nyuma ya nyumba. Napunguza karara, chipukizi la maua ya mnazi, kwa kotama, kisu changu cha kugemea, tembo linadondoka ndani ya chupa, na nikiwa huko juu naimba.

Kwetu mgema hapandi kimya. Wimbo unawaambia walio chini kwamba kuna mtu juu yao. Anayeoga ajifunike. Anayepita asisimame chini ya mnazi, kisu kisije kikamwangukia.

Mke wangu, Mweretaka, huijua saa kwa wimbo wangu.

"Babu amefika ubeti wa tatu," humwambia binti yetu Aoniba. "Bandika wali."

Wimbo wangu una beti saba. Ubeti wa saba ukiisha, nashuka. Chini ya mnazi ananingoja mjukuu wangu Tinaai, na kikombe chake mkononi. Tembo lililogemwa sasa hivi ni tamu na halilevyi. Ni kinywaji cha watoto.

Wakati ninaousimulia, Tinaai alikuwa na miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Baba yake, mume wa Aoniba, ni baharia katika meli za mbali. Alikuwa hajamwona binti yake akitembea. Katika barua yake ya mwisho aliniandikia hivi: "Baba, nitunzie mwanangu mpaka nirudi." Barua hiyo niliisoma mwenyewe, bila kusomewa. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, na tangu hapo sipitwi na karatasi.

Hatua ishirini kutoka kwenye minazi kuna shimo letu la babai. Babai ni magimbi makubwa yanayomea majini. Mababu zetu walichimba shimo hilo mpaka wakayafikia maji matamu yaliyo chini ya kisiwa. Kina chake ni zaidi ya kimo cha mtu. Chini kuna tope, na maji yasiyofika goti langu.

Kila ukoo una namna yake ya kulisha babai. Majani gani, udongo gani, mwezi gani, hizo ni siri. Baba humwambia mwanawe, na mwana hufunga kinywa. Kuchungulia shimo la mwenzako ni aibu kubwa kuliko kumchungulia akioga.

Mwaka ule kijiji kilikuwa kinajenga maneaba mpya, ukumbi wetu wa mikutano na karamu. Siku ya kuufungua, kila ukoo ungeleta babai lake bora. Mimi nilikuwa na moja nililolilea miaka sita. Jirani yangu Kabunare naye alikuwa na lake. Sisi ni marafiki tangu utotoni, kwa hiyo hakuna tunachoshindania kwa upole.

Nikazungushia shimo langu ukuta wa makuti, mrefu kuliko mtu. Nilisuka makuti mazito, hata jua lilipita kwa shida. Upande mmoja tu, chini kabisa, kuku walitoboa tundu. Nililiona. Nikasema kuku hawana ulimi wa kusimulia siri.

Mwezi wa tano, mhudumu wetu wa afya, Nesi Rotia, alianza mpango wa kuzuia ajali za watoto majumbani. Katika kijiji cha jirani mtoto mmoja alikuwa ameungua kwa maji ya moto, na mwingine alikuwa amekunywa mafuta ya taa. Rotia akasema tusingoje zamu yetu. Alituma karatasi kila nyumba. Niliisoma yote. Nilikubaliana nayo yote, kwa ajili ya nyumba za wengine.

Kisha wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, Rotia na mzee mmoja wa kijiji. Siku yetu alikuja na Kabunare.

"Mauri, babu," alinisalimu. Kisha akapiga magoti, akaweka mikono chini, akaanza kutambaa ndani ya nyumba yangu.

Nilimwinamia mke wangu. "Mama Aoniba, huyu nesi kapoteza sindano?"

"Sijapoteza kitu, babu," alijibu Rotia kutoka chini. "Sasa nina kimo cha Tinaai. Ukitaka kujua mtoto anaona nini, shuka alipo."

Alitambaa kila mahali. Chini ya ulingo tunaolalia alivuta chupa ya soda.

"Hii ni soda?"

"Mafuta ya taa," alisema Aoniba.

"Tinaai anajua hilo?"

Aoniba akaipokea chupa.

"Mtoto hasomi chupa, dada. Anakumbuka utamu tu. Mafuta yakae katika dumu lake, juu, asikofika. Na akiyanywa siku moja, msimtapishe. Mleteni kwangu mbio."

Akafika jikoni. Mweretaka alikuwa akichemsha tembo liwe asali, na sufuria ilikuwa chini, juu ya mawe matatu.

"Bibi, asali hii ikimmwagikia mtoto inaganda mwilini, haitoki. Mnaweza kuinua jiko?"

"Nina mume mwenye mikono miwili," alisema Mweretaka. "Nitamwomba atumie mmoja."

Yote hayo niliyatenda siku ileile. Nilinyanyua jiko. Nilitundika dumu. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Lakini Rotia aliendelea kutambaa. Alitoka nje, akafuata njia ya kuku, mpaka akafika kwenye ukuta wangu wa makuti. Akapima lile tundu kwa viganja vyake.

"Babu, hapa anapita."

"Kuku anapita."

"Kuku wako na Tinaai wana mabega sawa."

"Hilo ni shimo la babai, binti."

"Ndiyo maana nasema. Toa makuti haya, weka uzio wa fito. Mtoto asipite, lakini jicho lipite."

Damu ilinipanda. "Jicho la nani? Mama yako hakukufundisha shimo ni nini?"

"Alinifundisha, babu. Mimi sitaki kuona magimbi yako. Nataka kuona mtoto. Ukuta huu unaficha vyote viwili."

"Mwache, nesi," alisema Kabunare akicheka. "Anaficha babai lenye ukubwa wa kidole gumba."

"Utaliona siku ya maneaba!" nilimjibu. "Uje na machela ya kubebea aibu yako."

Rotia hakucheka. Alitaka kutueleza jambo moja zaidi, akatuketisha sote.

"Nyumba yenu ina watu wengi, na hiyo ni neema," alisema. "Lakini penye watu wengi kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama mtoto. Mwisho hakuna anayemtazama. Na mtoto anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia. Dakika chache zinatosha, na maji ya kina cha kiganja yanatosha."

Alitoa taji la maua, kama yale tunayovaa kichwani siku za karamu.

"Aliyevaa taji ndiye jicho. Jicho halipiki, halisuki mkeka, halilali, halipandi mnazi. Akitaka kwenda mahali, analivua kichwani pake na kumvisha mwenzake. Anamwambia, 'Nakuachia Tinaai.' Mwenzake anajibu, 'Nimempokea.' Taji lisiwekwe chini kamwe. Likiwekwa chini, mtoto naye amewekwa chini."

"Mimi nivae maua kila siku kama bwana harusi?" nilisema.

"Bwana harusi gani mwenye upara?" akauliza Kabunare.

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema akichekwa ni mbaya zaidi. Niliamua kwamba maua ni mambo ya wanawake.

Mweretaka na Aoniba walilishika jambo hilo. Kila asubuhi walisuka taji jipya. Nilisikia siku nzima: "Nakuachia Tinaai." "Nimempokea." Ilikuwa kama wimbo wa ndege wawili. Lazima niseme kwamba Aoniba alianza kulala mchana kwa raha, jambo ambalo hakulifanya tangu ajifungue.

Siku nne kabla ya karamu, Aoniba alikuwa akikuna nazi jikoni. Mweretaka alikuwa na taji. Alasiri alinijia na ndoo mbili.

"Baba Aoniba, maji yamekwisha. Nakwenda kisimani. Inamisha kichwa."

Niliinamisha. Akanivika lile taji.

"Nakuachia Tinaai."

"Haya, haya."

"Sema kama inavyosemwa."

"Nimempokea! Nenda, jua linakuchwa."

Tinaai alikuwa amekaa karibu yangu akichezea vifuu. Nilitazama jua. Ilikuwa saa ya kugema, na karara likicheleweshwa hukauka. Nikajiambia: mimi nikiwa juu naona kijiji chote, nani ana jicho kunizidi? Nikalitundika taji kwenye nguzo ya nyumba. Nikapanda mnazi.

Aoniba aliniambia baadaye kwamba alimwona mama yake akienda kisimani kichwa kitupu. Akajua kwamba taji ninalo mimi. Akaendelea kukuna nazi kwa moyo mweupe. Kila mtu katika nyumba yangu alifuata mpango siku ile, isipokuwa mimi.

Niliimba ubeti wa kwanza. Niliimba wa pili. Katikati ya ubeti wa tatu niligeuka kutazama chini, nikaona vifuu vimelala vyenyewe.

Nikatazama njia. Hakuna mtoto. Nikatazama shimo langu. Mtu wa chini haoni ndani ya ukuta ule, lakini mgema anaona. Kati ya majani makubwa ya babai niliona nguo nyekundu juu ya maji. Haikusogea.

Wimbo ulikatika.

Aoniba aliinua kichwa jikoni. Mweretaka alisimama njiani na ndoo zake. Katika miaka yote waliyonijua, sikuwahi kuacha wimbo katikati.

"Shimoni!" nilipiga kelele. "Mtoto yumo shimoni!"

Bahati yetu, Rotia na Kabunare walikuwa nyumba ya pili, katika zamu yao ya kukagua. Kabunare alifika wa kwanza, akikimbia kama kijana. Alifika kwenye ukuta, akaweka mikono juu ya makuti. Kisha akasimama.

Alisimama! Rafiki yangu wa miaka sitini alisimama nje ya shimo ambamo mjukuu wangu alikuwa anakufa, akanitazama juu ya mnazi.

"Tekaai! Ni shimo lako! Niingie?"

"Bomoa!" nililia. "Bomoa yote!"

Akaubomoa ukuta kwa mabega. Akaruka ndani, tope likamfika magotini. Mimi niliteleza mnazini, ngozi ya mapaja yangu ikabaki pale. Nilipofika, Kabunare alikuwa anamwinua Tinaai kwa Rotia. Mtoto alikuwa amelegea. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu.

Nilimshika miguu. "Tumning'inize! Tumning'inize maji yatoke!" Ndivyo nilivyoona wazee wakifanya.

"Mwache, babu!" Rotia alisema kwa ukali. "Anahitaji pumzi. Usimning'inize, usimbonyeze tumbo. Kabunare, mtu aende kuita gari la zahanati!"

Alimlaza chali mahali pagumu. Alitazama kifua. Hakikupanda. Akainamisha kichwa cha mtoto nyuma kidogo, akainua kidevu. Akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza taratibu. Kifua kikapanda. Alipuliza mara tano.

Hapakuwa na kitu.

Akaweka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, akaanza kubonyeza kwa nguvu na kwa haraka, huku akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini, alipuliza mara mbili. Akaanza tena. Aoniba alikuwa amepiga magoti, ameshika unyayo mmoja wa mwanawe. Mweretaka hakulia. Alihesabu pamoja na Rotia. Sisi sote tulihesabu.

Mara ya tatu, tulipofika kumi na tisa, Tinaai alikohoa.

Maji yalitoka. Rotia akamgeuza ubavu haraka. Alikohoa tena, akatapika, kisha akalia. Nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile.

"Mvueni nguo za maji, mfunikeni kwa kavu," alisema Rotia. "Tunakwenda zahanati."

"Lakini analia vizuri," nilisema.

"Mtoto aliyezama anaweza kubadilika baada ya saa kadhaa, babu. Akilia vizuri, twende. Akicheka, twende pia."

Tinaai alilala zahanati siku mbili. Siku ya pili aliomba kikombe chake cha tembo. Nilitoka nje, nikakaa chini ya dirisha. Rotia alinifuata.

"Nesi," nilisema, "mimi nilikuwa na taji. Nililitundika kwenye nguzo."

"Najua. Bibi alilikuta."

"Mbona hukunitukana?"

"Ungesikia zaidi?" aliuliza. "Babu, usingepiga kelele kwa wakati, nisingekuwa na wa kumpulizia. Jicho lako lilifanya kazi. Ila lilikuwa mahali pabaya."

"Asante, binti yangu."

"Nishukuru kwa fito," alisema.

Nilikwenda kukata fito asubuhi iliyofuata. Sikumwita mtu, lakini watu walikuja. Kabunare alikuja na shoka lake, ingawa bega lake lilikuwa limevimba. Tulipanda fito wima, moja karibu na nyingine, kiasi cha ngumi ya mtoto kupita na kichwa kisipite. Hatukuweka fito za kulala, maana hizo mtoto huzipanda kama ngazi. Urefu wake ulinifika kifuani. Lango tulilifunga kamba yenye jiwe zito, hivyo ukilifungua na kuliachia, linajifunga lenyewe. Komeo tuliliweka juu, upande wa ndani.

Kabunare alisimama nje, mgongo wake kwa shimo. Hata baada ya yote, hakuwa ametazama.

"Geuka," nilimwambia. "Tazama."

"Una hakika?"

"Geuka, mzee, kabla sijabadili nia."

Aligeuka. Alitazama vikapu nilivyosuka kuzunguka kila shina, na majani niliyojaza ndani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika bega lake lenye maumivu.

"Hii ndiyo siri?"

"Ndiyo siri ya ukoo wetu tangu mababu."

"Ndugu yangu, ni majani yaleyale! Baba yangu aliniapisha kwa majani hayohayo!"

Tulitazamana, wazee wawili. Miaka yote ile tulifichana kitu ambacho kila mmoja wetu alikuwa nacho. Na kwa ajili ya kitu hicho nilijenga ukuta uliokaribia kuwa kaburi.

Siku ya maneaba niling'oa babai langu. Lilibebwa na wanaume wawili kwenye mti. La Kabunare lilibebwa na wawili pia, na mpaka leo tunabishana. Nilipoitwa kulitoa, nilisimama mbele ya watu wote nikiwa na taji kichwani, kwa sababu ilikuwa zamu yangu na Tinaai alikuwa mkononi mwangu.

"Babai hili si la ukumbi pekee," nilisema. "Kipande cha kwanza ni cha Nesi Rotia, aliyetambaa nyumbani kwangu nikamcheka. Cha pili ni cha Kabunare, aliyeniomba ruhusa. Enyi wenzangu, leo natoa ruhusa mbele yenu. Mkiona mtoto karibu na shimo langu, msibishe hodi."

Mzee mmoja akasema, "Na langu." Mwingine akasema, "Na langu." Ruhusa ilizunguka maneaba mzima. Kabla ya mwaka kuisha, mashimo yote kumi na mawili ya kijiji chetu yalikuwa na uzio wa fito, na visima vyote tisa vilikuwa na mifuniko. Kila mwezi Rotia na mzee mmoja wanatambaa. Mara nyingi mzee huyo ni mimi. Magoti yangu yananung'unika, lakini yamezoea.

Baba yake Tinaai alirudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Alishuka kwenye boti, na binti yake akamkimbilia kwa miguu yake mwenyewe. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Kisha akaniinamishia kichwa.

"Nivike hilo taji, baba," alisema.

"Nakuachia Tinaai," nilimwambia.

"Nimempokea."

Alasiri ile nilipanda mnazi. Kwa juu niliwaona wote, na wao waliniona. Uzio haukuficha kitu. Nilipofika ubeti wa tatu, Mweretaka alisimama mlangoni akisikiliza. Sikukatiza. Niliimba mpaka ubeti wa saba, na nilipotazama chini, kikombe kilikuwa tayari kimeinuliwa.